Mwezi Unajitenga na Dunia Kidogo Kidogo

Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2010, jua lilipatwa juu ya Nairobi. Baada ya saa mbili mwezi uliingia mbele ya jua, lakini haukuweza kulifunika lote. Tangu katikati ya jiji mpaka Kawangware, Dagoretti na Karen, jua lilibaki kama pete ya moto kwa dakika zaidi ya 6.

Sababu si ngumu. Njia ya mwezi si duara kamili: mara huwa karibu nasi, kiasi cha kilomita 360,000, na mara huwa mbali, zaidi ya kilomita 400,000. Siku ile ulikuwa mbali, na kitu kilicho mbali huonekana kidogo.

Umbali huo huenda na kurudi kila mwezi. Lakini uko mwendo mwingine usiorudi nyuma. Kila mwaka mwezi hujitenga na dunia kwa sentimita 3.8, yaani inchi moja na nusu. Hayo si makisio. Wamarekani waliotua mwezini Julai 1969 waliacha huko vioo maalumu; wataalamu huvielekezea mwali wa mwanga, kisha huupima muda wake wa kwenda na kurudi, ambao ni kama sekunde 2 na nusu. Tangu wakati huo mwezi umesogea kiasi cha kimo cha mlango.

Ni nini basi kinachousukuma? Mkulima wa Dagoretti, aliye mbali na pwani, huenda akashangaa kusikia kwamba ni bahari. Watu wa Mombasa wayajua sana maji ya bamvua, yajaayo na kupwa kupita kiasi mwezi uandamapo na uwapo mpevu. Mwezi huyavuta maji ya bahari yakavimba. Lakini dunia hujizungusha mara moja kwa siku, hali mwezi huchukua siku 27 na zaidi kuizunguka. Kwa hiyo dunia huyakokota maji yaliyovimba, ikayatanguliza mbele kidogo ya mwezi. Nayo, yakiwa mbele, huuvuta mwezi na kuuongezea nguvu, hata ukapanda njia iliyo pana zaidi.

Nguvu hiyo haipatikani bure, na mlipaji ni dunia yenyewe. Msuguano wa maji huipunguzia mwendo, na siku hurefuka kwa takribani sehemu 2 za elfu ya sekunde kila miaka 100. Karani wa mjini hawezi kuliona jambo hilo katika saa yake. Lakini mistari ya ukuaji katika matumbawe ya kale yaonyesha kwamba miaka milioni 400 hivi iliyopita, mwaka mmoja ulikuwa na siku kama 400.

Baada ya miaka ipatayo milioni 600, mwezi utakuwa mbali hata usiweze tena kulifunika jua lote; utakapopita katikati yake utaacha pete tu, kama ile ya Nairobi. Kwa sasa bado waweza: tarehe 3 Novemba 2013 ulilifunika kabisa juu ya nchi ya Turkana, ingawa kwa sekunde chache tu.