KIKONYO CHA KITUNGUU SAUMU NA JINSI YA KUKIPIKA

Mama mmoja wa skimu alifika katika afisi yetu ya kilimo akiwa na simu mkononi. Bwana Shamba alikuwa ametoka kwenda kutazama mashamba, basi nilimpokea mimi karani. "Mwanangu," akasema, "nitazamie picha hii." Binti yake anakaa Vermont, katika Marekani, naye alikuwa amempelekea picha ya sahani iliyojaa vitu vya kijani, vyembamba, vilivyojipinda kama mkia wa nguruwe. Binti aliandika kwamba hivyo ni vitunguu saumu, na kwamba amevipika katika eafraya, yaani jiko dogo la umeme linalokaanga kwa hewa ya moto. Eafraya kama hiyo alikuwa amemnunulia mama yake pia.

Mama huyu ana robo eka ya saumu. Kwa miaka minne hajaona mkia kama huo shambani mwake. Tena kulikuwa na mchuuzi aliyemwambia kwamba mbegu yake ni mbovu, na kwamba yeye angeweza kumwuzia mbegu "ya mkia", kilo tatu kwa bei ya mbuzi mzima. Mama alikuwa amekwisha kumchagua mbuzi wa kuuza. Alipita afisini kuuliza kwanza.

Kwa kuwa wakulima wengine pia wanaona picha za namna hii, yafaa jambo hili lielezwe vizuri.

Kikonyo ni nini?

Kile alichokiona mama ni kikonyo cha ua la kitunguu saumu. Mmea unapokaribia kukomaa, katikati ya majani hutoka bua moja la mviringo, gumu kidogo, lisilo na tundu ndani. Ncha yake ina kifuko kilichochongoka. Kikonyo hiki huinuka, kisha hujipinda mzunguko mmoja au miwili, na baadaye hujinyosha tena na kuwa kigumu kama kijiti. Kifuko kikipasuka, ndani huwa na vitunguu vidogo sana, pengine pamoja na maua, lakini maua hayo kwa kawaida hayazai mbegu.

Mkulima wa Vermont hukata vikonyo vyote mapema. Sababu yake ya kwanza si chakula. Nguvu ambayo mmea ungeipeleka juu kulisha ua hubaki chini, na kichwa cha saumu hunenepa. Asiyekata hupata vichwa vidogo, hasa kama udongo wake ni dhaifu. Basi kwa kuwa vimekwisha kukatwa, watu walivipeleka jikoni na sokoni. Huko China, nchi inayolima saumu nyingi kuliko zote duniani, vikonyo ni mboga ya kila siku, hukaangwa pamoja na nyama. Korea huviloweka katika siki au katika mchuzi wa chumvi.

Kwa nini shambani kwetu havitoki?

Kuna saumu za namna mbili. Moja ni ya shingo ngumu, na hiyo ndiyo itoayo kikonyo. Ya pili ni ya shingo laini, na hiyo kwa kawaida haitoi. Saumu ya shingo ngumu haiwezi kufanya kazi yake mpaka ipate baridi kali, chini ya digrii 10, kwa wiki kadhaa, na baadaye ipate siku ndefu za jua. Huko Vermont hupandwa mwezi wa Oktoba, hulala chini ya theluji wakati wote wa baridi, kisha mwezi wa Juni mchana huwa zaidi ya saa 15. Vikonyo hukatwa Juni, na vichwa hung'olewa Julai.

Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Hata katika nyanda za juu za Kinangop, ambako asubuhi baridi huuma vidole, mchana jua hupasha udongo tena. Kwa hiyo saumu inayotufaa sisi ni ya shingo laini. Si mbegu mbovu. Tena ina faida moja ambayo ile ya shingo ngumu haina: hukaa ghalani muda mrefu zaidi baada ya kukaushwa, na mkulima anaweza kungoja bei ipande. Nilimwambia mama amrudishe mbuzi zizini.

Hata hivyo, katika sehemu za baridi huenda ukaona mimea michache ya saumu ikitoa kikonyo. Usiogope. Ngoja mpaka kijipinde mzunguko mmoja, kisha kikate juu kidogo ya jani la mwisho. Fanya hivyo umande ukikauka, ili kidonda kikauke upesi. Majani usiyaguse, maana ndiyo yanayolisha kichwa.

Wakulima wa vitunguu vya kawaida wanalijua jambo hili kwa njia ya uchungu zaidi. Vitunguu vikipigwa na baridi nyingi wakati bado vinakua, vingi huacha kunenepa na kutoa bua la ua. Kitunguu kama hicho huwa na kiini kigumu katikati, wala hakikai ghalani. Kiuze au ukile mapema. Lakini bua lenyewe, kama bado ni changa na ua halijafunguka, ni chakula. Lina tundu ndani na ladha yake ni ya kitunguu, si ya saumu, lakini hupikwa kwa njia ile ile nitakayoeleza. Mkulima wa skimu asiyeweza kupata vikonyo vya saumu anaweza kujaribu mabua hayo, au hata mishiri.

Kabla ya kupika, kumbuka dawa

Hapa ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Saumu na vitunguu hushambuliwa na thripsi, wale wadudu wadogo wanaokwaruza majani mpaka yawe na mabaka meupe kama fedha. Wakulima hupiga dawa. Mwenye kupiga dawa huwaza juu ya kichwa kilichomo ardhini, akijua kwamba kitang'olewa baada ya wiki nyingi. Lakini kikonyo kimesimama hewani, nacho hupata dawa yote, na huliwa mapema zaidi. Soma kibandiko cha chupa. Kimeandikwa siku ngapi zipite kati ya kupiga dawa na kuvuna. Ikiwa siku hizo hazijatimia siku ya kukata vikonyo, vikate kwa ajili ya kunenepesha vichwa, lakini usivile wala usivipeleke sokoni. Kuosha kwa maji hakuondoi dawa iliyokwisha kuingia ndani ya mmea.

Tena usichume bua lolote la porini kwa sababu tu linafanana. Kuna mimea ya matunguu yenye sumu. Pondaponda kipande kidogo na unuse. Kama hakina harufu ya kitunguu au saumu, kitupe na unawe mikono.

Kupika

Chukua vikonyo kama robo kilo. Osha. Kata na utupe kifuko cha ncha pamoja na sehemu ya chini iliyo ngumu. Jaribu kwa kuvunja: pahali ambapo kikonyo huvunjika kwa mlio, kama mshiri mbichi, ndipo ulaini unapoanza. Kata vipande vya urefu wa kidole. Kisha vikaushe vizuri kwa kitambaa safi. Wengi huliruka jambo hili, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu maji yaliyobaki hugeuka mvuke, na chakula hutokota badala ya kukaangika. Changanya na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta na chumvi kidogo.

Pasha eafraya kwa dakika 3, uiweke digrii 190. Tandaza vipande katika kikapu chake, visirundikane. Pika kwa dakika 6 hadi 8, na katikati ya muda huo uvute kikapu na kukitikisa. Vikiwa tayari huwa laini, na kingo zake huanza kuwa kahawia. Vikiwa vyeusi vimekuwa vichungu. Ukali wa saumu huisha motoni, ikabaki ladha tamu. Watoto ambao hawataki kusikia habari ya saumu mbichi hula hivi bila kugombezwa.

Asiye na eafraya asijione amekosa kitu. Kikaango juu ya jiko la makaa, mafuta vijiko viwili, dakika 5 huku ukigeuzageuza, na chakula ni kile kile. Mimi naona vinafaa zaidi pamoja na mayai na ugali. Wengine huvikatakata ndani ya viazi vya kuponda au juu ya githeri.

Habari ya eafraya yenyewe

Eafraya si ajabu. Juu yake kuna waya unaowaka kwa umeme, na feni inayosukuma hewa ya moto kwa nguvu kuzunguka kikapu chenye matundu. Kampuni ya Philips ilianza kuiuza mwaka 2010, na sasa kampuni nyingi huitengeneza. Faida yake ni mafuta machache na moshi kidogo.

Hasara yake ni kwamba hula umeme mwingi kwa mara moja. Nyingi huandikwa wati 1,500 au karibu na hapo. Ukipika dakika 10 kwa wati 1,500, umetumia robo ya yuniti. Si nyingi kwa mwenye tokeni. Lakini sola ndogo ya kuwasha taa tatu na redio haiwezi kuiendesha kabisa, usijaribu. Wala usiichomeke katika waya mwembamba wa kurefusha pamoja na pasi. Waya huo hupata moto, na nyumba nyingi zimeungua kwa njia hiyo. Ichomeke ukutani peke yake, mbali na pazia, na nyuma yake uache nafasi ya kutoa hewa.

Hatari ya kuweka saumu katika mafuta

Mtu akipata vikonyo vingi hutamani kuviweka akiba, na njia inayoonekana rahisi ni kuvitia katika chupa ya mafuta na kuiweka rafuni. Usifanye hivyo. Katika udongo mna kijidudu ambacho mbegu zake haziui mtu shambani, wala haziuawi kwa kuchemsha kwa kawaida. Zikifungiwa pahali pasipo na hewa wala ukali wa siki, kama ndani ya mafuta, kijidudu huamka na kutoa sumu kali. Mafuta hayanuki vibaya wala hayabadiliki ladha. Mwaka 1985, katika mji wa Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula saumu ya chupa iliyokuwa katika mafuta na haikuwekwa katika friji. Dalili zake ni kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha kushindwa kupumua. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asingoje asubuhi.

Mwenye friji anaweza kuweka saumu katika mafuta humo kwa siku 4, si zaidi. Asiye na friji atengeneze ya kula siku hiyo. Vikonyo vibichi vyenyewe, bila mafuta, hukaa katika friji wiki mbili au zaidi.

Masalio usiwatupie ng'ombe wa maziwa. Vitunguu vingi huharibu damu ya ng'ombe, na hata vichache hutia maziwa harufu. Maziwa yenye harufu ya saumu hukataliwa, na hasara ni yako. Yatie katika shimo la mbolea.

Kuhusu mbegu kutoka ng'ambo

Mwisho, kuna wanaotaka kumwambia ndugu aliye ng'ambo awaletee punje za shingo ngumu mfukoni, wajaribu tu. Mimea ya kupanda haiingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS, na kibali hutafutwa kabla mbegu haijaondoka huko. Sababu ni ugonjwa wa kuoza kweupe. Huja na punje zinazoonekana safi, huacha udongoni chembe nyeusi ndogo kuliko mbegu ya sukuma wiki, na chembe hizo hukaa miaka 20 au zaidi zikingoja kitunguu kingine. Hata saumu ya kupikia iliyotoka nje ya nchi, inayouzwa sokoni, isipandwe. Chagua vichwa vikubwa na visafi vya mavuno yako mwenyewe, au nunua kwa jirani ambaye umeliona shamba lake likiwa bado na majani. Ukiona saumu inageuka manjano kabla ya wakati, na ukiing'oa shina lina ukungu mweupe kama pamba, usiiburute shambani. Itie katika mfuko pale pale, ufunge, na umwite Bwana Shamba.