Nyanya Zinazooza Kitako: Tuweke Nini Kwenye Udongo?

Nyanya bado mbichi na imenenepa vizuri, lakini chini, pale ua lilipodondokea, pana doa jeusi lililodidimia, kavu kama ngozi. Akina mama wengi tunaotembeleana bustanini tukiliona hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Fedha ya sabuni na madaftari inakwenda, watoto wanachuma nyanya zenye dawa, na doa linabaki palepale. Huu si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalsiamu, madini yaleyale tunayowahimizia akina mama wajawazito kliniki.

Swali ni kuweka nini. Kwenye milima yenye mvua nyingi, kama Rungwe na Lushoto, udongo mwingi ni mchachu kwa kuwa mvua imesomba madini. Huko inafaa chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Huongeza kalsiamu na kupunguza uchachu. Tuichanganye na udongo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, maana huyeyuka polepole. Chokaa ya kupaka ukutani tuiache: huunguza ngozi na macho, na jicho la mtoto halina la akiba.

Udongo usio mchachu ukitiwa chokaa, majani huweza kugeuka manjano kwa kukosa madini ya chuma. Hapo jasi ni bora, kama ile ya Makanya, wilayani Same. Hutoa kalsiamu bila kugusa uchachu. Tusikisie: tumwombe bwana shamba au bibi shamba atusaidie kupimisha udongo. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nacho hupima.

Majivu ya kuni yana kalsiamu, lakini ni makali. Konzi moja kwa hatua moja ya mraba yatosha, tena kwenye udongo mchachu tu, wala yasichanganywe na urea. Maganda ya mayai ni mazuri, ila yakitupwa hivihivi hukaa miaka. Yaanikwe, yatwangwe yawe unga, yatiwe mapema.

Lakini mara nyingi kalsiamu imo udongoni tayari. Kinachokosekana ni maji ya kuipeleka, kwa sababu husafiri na maji, na majani huyavuta kuliko tunda. Anayemwaga ndoo tatu Jumamosi kisha akasahau hadi Alhamisi ataona madoa hata akiweka gunia zima la jasi. Tumwagilie kwa utaratibu, tutandaze nyasi kavu shinani, tupalilie juujuu tusikate mizizi. Urea nayo tuipunguze, kwani hukuza majani kupita kiasi, nayo hulinyima tunda.

Tunda lililokwisha kupata doa haliponi, basi tulichume. Kama halijaota ukungu, tukate sehemu nyeusi na iliyobaki iingie kwenye mchuzi. Yatakayofuata kwenye mche huohuo yanaweza kutoka safi kabisa, maji yakifika kila mara.