Je, Wajua? Mtu Aliyempa Mnunuzi Kikapu

Je, wajua kwamba huu mtindo wetu wa kuingia supamaketi, kuchukua kikapu na kuzunguka kwenye rafu ulipata nguvu katika duka moja la barabara ya Jefferson, mjini Memphis, Marekani? Ilikuwa Septemba 1916. Mwenye duka, Clarence Saunders, alikuwa na miaka 35, na duka lenyewe aliliita Piggly Wiggly.

Je, wajua kabla ya hapo watu walinunuaje? Mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja haja zake, muuzaji akashusha makopo, akachota, akapima, akafunga. Wengi walikopa, deni likaandikwa daftarini. Aliyekulia karibu na duka la mtaani analijua daftari hilo vizuri. Saunders alilijua kwa ndani: aliacha shule akiwa na miaka 14 akawa msaidizi dukani, na baadaye akawauzia wenye maduka bidhaa za jumla. Alikuwa akiwasihi wauze kwa fedha taslimu tu.

Je, wajua duka lake lilikuwa na njia moja tu? Ukishapita geti la kuzunguka, ujia ulikupitisha mbele ya kila rafu hadi kwa keshia. Uliyefuata chumvi uliiona kahawa, biskuti na sabuni kabla hujalipa. Kila kitu kilikuwa na bei yake, iliyoandikwa, sawa kwa tajiri na kwa mfua nguo. Hilo la bei kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1917 alipata hataza ya mpangilio huo wa duka.

Je, wajua maana ya Piggly Wiggly? Hakuwahi kuieleza. Husimuliwa kwamba alipoulizwa kwa nini alichagua jina hilo, alijibu kuwa ni ili watu waulize swali hilohilo.

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa 1923 yalikuwapo maduka zaidi ya 1,200 yenye jina hilo, na mwaka huohuo yakamtoka mikononi? Baadhi yalikuwa yake, mengine ya watu waliolipia haki ya kutumia jina na mpango wake. Wachache wa hawa walipofilisika huko New York, walanguzi wa soko la hisa wakanusa damu. Walikopa hisa za Piggly Wiggly na kuziuza, wakitaraji bei ishuke wazinunue tena kwa bei ya chini, wazirudishe, wabaki na faida. Saunders alichukulia jambo hilo kama tusi. Akakopa mamilioni ya dola kwa mabenki ya kusini, akanunua kila hisa iliyojitokeza, mpaka karibu hisa zote 200,000 zikawa mkononi mwake. Tarehe 20 Machi 1923 akadai hisa zake. Walanguzi hawakuwa na pa kuzipata ila kwake, na bei ikaruka hadi dola 124.

Hapo alikuwa amewashika pabaya. Lakini uongozi wa soko la New York ukasimamisha biashara ya hisa hizo na kuwaongezea wadaiwa muda. Wakazisaka hisa chache zilizobaki kwa watu wadogo wadogo, wakanusurika. Saunders alibaki na marundo ya hisa asizoweza kuziuza na deni lisilolipika. Agosti aliiacha kampuni, na nyumba yake akaikabidhi.

Je, wajua hakukata tamaa? Alianzisha maduka mapya na kuyaita Clarence Saunders, Mmiliki Pekee wa Jina Langu. Alikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani yenye jina hilohilo, na Desemba 1929 iliwafunga Green Bay Packers, mabingwa wa msimu ule. Mdororo mkuu wa uchumi ukayazamisha maduka hayo.

Je, wajua kuhusu Keedoozle? Ni duka lake la 1937. Bidhaa zilikaa nyuma ya vioo, mteja akachomeka ufunguo kwenye tundu la anachotaka, na mitambo ikamletea kwa mkanda hadi kwa keshia. Mitambo ilikwamakwama, duka likafungwa. Nami naona kosa halikuwa la mitambo peke yake: mkono wa mnunuzi, aliouruhusu yeye mwenyewe kugusa bidhaa, alikuwa ameurudisha nje ya kioo. Alifariki Oktoba 1953 akiandaa duka lingine la mashine, Foodelectric.

Je, wajua ile nyumba aliyoikabidhi iko wapi? Ipo Memphis, ya mawe ya marumaru ya waridi, na hakuwahi kulala humo hata usiku mmoja. Iligeuzwa makumbusho, na ndani yake kumejengwa mfano wa duka la 1916, rafu na geti lake.