MAFUTA MEKUNDU CHINI YA GARI
Tujue kwanza yanakotoka, kabla ya kushusha giaboksi

Mudende iko mlimani juu ya mji wa Gisenyi, karibu na volkano za Virunga. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mudende imepita mita 2,000. Kwa hiyo gari la nyumbani huko si pambo. Ndilo lishushalo viazi na maziwa, na usiku wa dharura ndilo limpelekalo mgonjwa hospitalini. Gari hilo likiwa la zamani, lenye gia za otomatiki, tone jekundu chini yake si jambo la kupuuzwa. Wala halimlazimu baba mwenye nyumba kuuza ng'ombe kabla ya kujua tone limetoka wapi.

Kazi ya mafuta hayo

Gia za otomatiki si jambo geni jeshini. General Motors ya Marekani ilianza kuuza giaboksi ya Hydra-Matic mwaka 1939, na katika Vita Kuu ya Pili giaboksi hiyo ilitumika katika vifaru vyepesi vya M5 Stuart. Ndani yake mafuta hufanya kazi nne: hupeleka nguvu ya injini, hubana klachi za ndani, hulainisha na hupoza. Yakipungua, pampu huvuta hewa. Injini hunguruma lakini gari halipandi. Wakati wa kushuka, injini haisaidii tena kulizuia gari, na mzigo wote huangukia breki.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, pima kiasi. Gari liwe mahali tambarare, limekwisha kupata moto, injini ikiwa inanguruma na gia iko kwenye P. Ndivyo ilivyo kwa magari mengi, kama vile Mercedes-Benz ya W123 iliyotengenezwa hadi 1986. Lakini kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Mafuta yaliyozidi hutoa povu na kumwagika kupitia tundu la kupumulia, na mtu akadhani sili imekufa.

Pili, tazama rangi na unuse. Mafuta ya giaboksi hutiwa rangi nyekundu ili yatambulike. Yakiwa ya kahawia na yakinuka kuungua, klachi zimechoka. Yakifanana na maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia. Gari lisiendeshwe tena. Kumbuka pia kwamba usukani wa pawa katika magari mengi hutumia mafuta mekundu. Pima na chombo chake.

Tatu, safisha. Osha giaboksi kwa brashi na mafuta ya taa injini ikiwa baridi kabisa, mbali na moto, kisha ikauke. Pakaza poda ya mtoto sehemu zinazoshukiwa, endesha kidogo, halafu tandika boksi chini. Upepo husukuma mafuta nyuma, na uzito huyavuta chini. Basi mahali palipolowa juu zaidi na mbele zaidi ndipo penye kosa.

Nne, angalia wakati. Gari likivuja injini inaponguruma, shuku mabomba yaendayo kwenye rejeta, au sili ya mbele ya pampu. Likivuja baada ya kulala siku mbili tatu, sababu yaweza kuwa nyingine: mafuta ya konveta, yaani chombo kilicho kati ya injini na giaboksi, hurudi polepole katika karteri, kina kikapanda hadi kwenye sili ya mkono wa gia. Sili hiyo ni ndogo, na katika magari mengi hubadilishwa bila kushusha giaboksi. Karteri nayo ichunguzwe kama imegongwa na mawe ya volkano, ambayo ni mengi katika njia za huko.

Mafuta yakipungua pasipo tone

Magari mengi ya zamani, W123 ikiwamo, yana kikebe kidogo chenye utando wa mpira, kilichounganishwa na injini kwa bomba jembamba la kunyonya hewa. Utando ukipasuka, injini ya petroli huyanywa mafuta na kutoa moshi mweupe; katika dizeli huweza kuchanganyika na mafuta ya injini. Chomoa bomba hilo: likiwa na mafuta mekundu ndani, ugonjwa umepatikana, na dawa yake ni kubadilisha kikebe.

Tahadhari

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Zuia magurudumu, weka stendi imara, na watoto wakae mbali. Mafuta yakidondokea ekzosi yenye moto yaweza kuwaka. Gari hilo lisisafiri. Mafuta machafu yatiwe koponi, yasimwagwe malishoni.

Ikiwa baada ya hayo yote dalili zinaonyesha sili ya mbele ya pampu, hapo ndipo giaboksi ishushwe, na fundi alipwe haki yake. Lakini mwenye gari aliyefuata hatua hizi atakwenda kwa fundi akijua la kuuliza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa huzibwa pale ulipo.