Umri wa Mtoto Wathibitishwa kwa Cheti, Si kwa Kimo



Kila mwaka wa masomo unapokaribia, wenzetu wa mashamba ya chai ya Shagasha, wa mpunga wa Bugarama na wa kiwanda cha saruji hukutana na swali lile lile: mtoto huyu ana umri gani? Nyumbani jibu lajulikana. Mama anakumbuka mvua iliyokuwa ikinyesha, na jirani anakumbuka nani alishika taa. Lakini mkuu wa shule hakuwapo, naye anataka karatasi.

Jambo hili lagusa mfuko wa mfanyakazi moja kwa moja. Shule ya msingi ya serikali humpokea mtoto wa miaka 6. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilipanga mchango wa mzazi kwa chakula cha mchana katika shule hizo uwe faranga 975 kwa muhula. Ukizigawa kwa siku za masomo, hazifiki faranga 20 kwa sahani. Zilizobaki hutoka serikalini. Hakuna mkahawa wowote pale Kamembe utakaokupa sahani kwa bei hiyo. Lakini sahani hiyo ni ya mwanafunzi aliyeandikwa. Mtoto ambaye bado anangojea umri wake ujulikane hula kwa mshahara wa mzazi, na mchana, kwa kuwa nyumbani hakuna mtu, humfuata mama yake shambani. Leo anabeba kikapu kumsaidia, kesho anahesabiwa kilo. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 yasema umri wa kuajiriwa ni miaka 16, lakini mtoto asiyekuwa na cheti aweza kuitwa wa miaka 16 na yeyote anayetaka mikono yake.

Kadhalika kuna bei ya mtoto kwenye milango ya starehe, katika safari za kikundi na katika karamu ambazo chakula hulipiwa kwa kichwa. Kila mahali huweka mpaka wake. Hapa ni miaka 5, kule ni 12. Basi tuulize kabla ya kulipa. Mtu wa mlangoni hupima kwa macho, na kuna watoto wetu waliorefuka kupita umri wao. Kubishana naye mbele ya foleni ni kazi bure. Nakala ya cheti humaliza maneno. Cheti chenyewe kibaki nyumbani, mahali pakavu.

Wako pia wazazi wanaompunguzia mtoto mwaka mmoja au miwili apite kwa nusu bei. Hatuwaungi mkono. Tarehe moja ikisemwa mlangoni na nyingine shuleni, siku ya kuchukua kitambulisho, akiwa na miaka 16, mtoto ndiye atakayehangaika.

Cheti hutokana na kuandikishwa, na muda wa kuandikisha ni siku 30 tangu kuzaliwa. Zamani ilibidi kupanda hadi ofisi ya sekta, na mfanyakazi alipoteza kutwa nzima ya ujira. Tangu mwaka 2020 mtoto aliyezaliwa hospitalini au katika kituo cha afya huandikishwa pale pale. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa katibu mtendaji wa seli. Tena tusisahau kwamba tangu mwaka 2023 baba anayo haki ya likizo ya siku 7 za kazi mkewe anapojifungua, na mama ana wiki 14. Siku hizo hazikutolewa kwa ajili ya kupokea wageni tu! Baba atoke na kitambulisho chake na cha mkewe, ahakikishe mtoto ameandikwa kabla hajarudi kazini.

Aliyechelewa asikate tamaa. Atafute kadi ya chanjo, maana tarehe iliyo juu yake iliandikwa na muuguzi wakati mtoto angali mchanga. Kadi ya ubatizo nayo husaidia. Wazee wa Mibirizi, ambako misheni ilifunguliwa mwaka 1903, walithibitisha umri wao kwa daftari la parokia kabla ya ofisi nyingi kuwapo. Ila karatasi hizi ni ushahidi wa kupelekea ofisini. Hazichukui nafasi ya cheti. Na kadiri mwaka unavyopita ndivyo mashahidi wanavyohama au kufariki.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini ndilo linaloturudisha wengi ofisini. Soma cheti kabla ya kuondoka dirishani: jina la mtoto herufi kwa herufi, siku, mwezi, mwaka, na majina ya wazazi kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Asiyejua kusoma aende na mwenzake wa zamu anayejua.