Mtoto wa Ngara na Sheria Mbili

Wanaume wawili wanaishi pamoja katika fleti moja Ngara, Nairobi, upande wa Park Road. Wanamlea mtoto wa kike wa miaka sita. Mama yake, dada ya mmoja wao, alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na mtoto akabaki kwa mjomba. Asubuhi mjomba humsuka nywele, mwenzake humvusha barabara hadi shuleni. Mfano huu nimeutunga, lakini swali lao si la kutunga: je, tunaweza kumuasili?

Wengi huchanganya kulea na kuasili. Kulea ni kazi ya mikono na moyo, na nusu ya Nairobi imelelewa na shangazi, nyanya au jirani bila karatasi yoyote. Kuasili ni amri ya mahakama. Inakata uzi wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa, kisha inamfunga kwa mzazi mpya kana kwamba alizaliwa kwake. Jina lake huingizwa katika rejista ya watoto walioasiliwa, na huwa na haki ya kurithi kama mtoto mwingine yeyote wa nyumba hiyo. Ndiyo maana njia yenyewe ni ndefu. Kwa kawaida mwombaji awe na umri wa miaka 25 hadi 65, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mtoto awe ametimiza wiki sita na awe ametangazwa kuwa huru kuasiliwa. Lazima akae kwa mwombaji miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kufikishwa mahakamani. Afisa wa ustawi hufika nyumbani, huangalia anapolala mtoto, huuliza nani mwingine anaishi hapo. Mahakama nayo humteua mtu wa kusimama upande wa mtoto hadi kesi iishe.

Uangalifu huo naukubali wote. Mtoto si mzigo wa kukabidhiwa mlangoni.

Tatizo liko penye orodha ya wanaokataliwa. Kifungu cha 158 cha Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2001 kiliwataja watu ambao mahakama haiwezi kuwapa amri ya kuasili: asiye na akili timamu, aliyepatikana na hatia ya makosa fulani, na mtu anayependa wa jinsia yake. Wote katika orodha moja. Hakikuuliza kama mtu huyo analipa karo au anaamka usiku mtoto akiwa na homa. Mwaka 2022 ikaja sheria mpya, nayo inataka waombaji wa pamoja wawe wanandoa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 45, inatoa haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Kwa hiyo wawili wetu wa Ngara hawawezi kuomba pamoja, hata kama walifunga ndoa London au Cape Town. Juu ya hayo, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuharamisha ngono kati ya wanaume, vingali hai. Majaji wa Mahakama Kuu, Milimani, walikataa kuvifuta Mei 2019.

Kuna wanaowaza njia ya mkato: mmoja aombe peke yake, mwenzake ahamishe nguo kwa muda. Nawasihi wasifanye hivyo. Ombi huambatana na hati ya kiapo, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Siku uongo utakapojulikana, atakayeyumba ni mtoto.

Afrika Kusini ilipita njia hii kabla yetu. Jaji Anna-Marié de Vos na mwenzake Suzanne du Toit walikuwa wakilea ndugu wawili, msichana na mvulana. Sheria ya huko iliruhusu wanandoa pekee kuasili kwa pamoja, basi amri ya 1995 ikatolewa kwa de Vos peke yake. Du Toit aliwalea watoto hao miaka yote bila haki yoyote juu yao. De Vos angefariki, Du Toit angebaki mgeni mbele ya sheria. Septemba 2002 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria hiyo ilikuwa ikiwabagua, tena ilikuwa ikienda kinyume cha maslahi ya watoto. Hoja ya pili ndiyo nzito zaidi kwetu, kwa sababu kifungu cha 53 cha Katiba yetu kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu.

Na hatuna haja ya kwenda hadi Johannesburg. Fungua Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inayotumika tangu 1981, usome kifungu cha 3. Pale, mtoto wa mwanamume ni pamoja na yule ambaye mwanamume huyo amemkubali kuwa wake, au ambaye kwa hiari amebeba wajibu wa kudumu juu yake. Sheria hiyo haiulizi mwanamume analala na nani. Inauliza alimlisha nani, alimsomesha nani. Sheria mbili za nchi moja zinamtazama mtu yuleyule: moja inamfungia mlango, nyingine inamwita baba. Kwa maoni yangu, ile ya pili ndiyo inayomwona mtoto.

Kwa leo, basi, wawili hawa wafanye nini? Mama yu hai, na yeye ndiye mwenye ufunguo. Aandike barua ya ridhaa kwa shule na kwa hospitali, na cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi mwa anayelea. Muhimu zaidi, sheria inamruhusu mzazi kuteua mlezi wa mtoto wake iwapo atafariki, kwa wosia au kwa hati iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Amtaje kaka yake. Baba wa mtoto akiwapo, haki zake hazifutwi na hati hiyo, basi aulizwe mapema. Wanaume hao nao kila mmoja aandike wosia wake na amtaje mtoto kwa jina, kwa maana hoja ya kifungu cha 3 lazima ithibitishwe mahakamani, na jamaa za marehemu hufika huko mapema. Risiti za karo zihifadhiwe, na za kliniki pia.

Kama una mtoto wa namna hii nyumbani, usingoje mpaka msiba. Mpigie mama yake wiki hii, akiwa bado anaweza kutia sahihi.