Klachi ya Lori Zito: Sehemu ya Pili
Kuitafuta Ila Kabla ya Kushusha Giaboksi

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi nguvu za injini zinavyotoka kwenye flaiwili, zikapita katika pleti iliyobanwa na presha pleti, hata zikafika kwenye giaboksi. Na sasa, maadamu msomaji amekwisha kuujua mpango huo, yatupasa tuingie katika jambo ambalo kwa ajili yake makala haya yaliandikwa, nalo ni namna ya kuitambua ila ya klachi kwa dalili zake kabla spana haijashikwa. Nimeona malori mengi yakilazwa gereji, giaboksi yenye uzito wa kadiri ya kilo 300 ikateremshwa kwa taabu na hatari, pleti mpya ikafungwa kwa fedha nyingi, kisha lori likatoka na ila ile ile lililoingia nayo, kwa kuwa ila hiyo haikuwako ndani hata kidogo: ilikuwa katika bomba la mafuta, au katika upepo usiofika kwenye busta, au katika marekebisho ambayo hakuna aliyekumbuka kuyatazama. Hasara ya namna hii huniuma, kwa sababu aghalabu ingeweza kuepukwa kwa kulichunguza lori muda wa nusu saa tu.

Ila za klachi, zijapokuwa na sababu nyingi, karibu zote hudhihiri kwa moja katika mambo mawili: ama klachi inateleza, ama haikati. Klachi inayoteleza ni ile isiyoweza kuishika nguvu yote ya injini hali pedeli imeachwa; na isiyokata ni ile inayoendelea kuizungusha giaboksi hali dereva amekwisha kukanyaga pedeli mpaka chini. Dereva akija kwa fundi na kusema tu kwamba klachi ni mbaya, bado hajasema kitu, na fundi mwenye busara hatainama chini ya gari kabla hajamwuliza: je, gari linakosa nguvu mlimani, au gia zinagoma kuingia?

Tuanze na kuteleza. Dereva atokaye Dar es Salaam kwenda Tunduma na shehena kamili huweza kwenda kutwa nzima katika tambarare asijue kwamba klachi yake imechoka, mpaka apite Ruaha Mbuyuni na kuanza kuukwea mlima wa Kitonga. Hapo mshale wa mizunguko ya injini hupanda, ilhali mshale wa mwendo umesimama pale pale au unashuka, na punde si punde harufu kali ya lainingi ya pleti iunguayo huingia kebini. Hakuna haja ya kuungoja mlima ili kuipima. Lori likiwa na mzigo, katika njia nyofu isiyo na watu, liendeshwe polepole kwa gia kubwa, kisha mafuta yakanyagwe kwa nguvu: injini ikipaza sauti na kuongeza mizunguko pasipo gari kuongeza mwendo, klachi inateleza, wala hapana hoja tena. Jaribio hili litoshe mara moja, kwa kuwa kila mara pleti itelezapo huzidi kupata moto, na moto huo ndio unaoimaliza.

Lakini kujua kwamba inateleza si kujua kwa nini inateleza, na hapa ndipo wengi wanapokimbilia kununua pleti. Tazama kwanza nafasi ya pedeli. Katika malori ya Kimarekani, kama vile Freightliner na Mack, ambayo klachi zake nyingi ni za pleti mbili na huvutwa kwa uma, sharti pawe na nafasi ya kadiri ya milimita 3 baina ya uma na rilizi beringi, nayo dereva huihisi juu ya pedeli kama mwendo mwepesi wa sentimita 4 au 5 kabla ya uzito kuanza. Kadiri lainingi inavyolika, nafasi hiyo hupungua. Na ikiisha kabisa, uma huanza kuivuta beringi muda wote, presha pleti haibani tena kwa nguvu zake zote, na klachi huteleza ingawa lainingi yake bado ni nene. Tena, mwendo huo huo wa kulika huitenga beringi na ile breki ndogo ya klachi iliyo mbele ya giaboksi, ambayo kazi yake ni kuisimamisha shafti ili gia ya kwanza iingie bila kelele wakati gari limesimama. Basi dereva hulalamika mambo mawili kwa pamoja, kwamba gari linateleza mlimani na kwamba gia ya kwanza inalia, na fundi asiyejua husema klachi imekwisha, kumbe yahitaji kurekebishwa tu ili nafasi zote mbili zirudi mahali pake, ile ya uma milimita 3 na ile ya breki milimita 12 au 13.

Malori mengi ya Ulaya hayana nafasi hiyo, kwa sababu beringi yake hugusana na presha pleti daima, na pedeli husukuma mafuta yanayosaidiwa na busta ya upepo. Kwa hayo, itazame busta yenyewe: nyingi zina kijiti kinachoonyesha jinsi lainingi ilivyolika, na kijiti hicho hutoa ushahidi ambao hakuna haja ya kufungua kitu ili kuupata.

Sababu ya pili ya kuteleza, nayo ni ya kuogopwa zaidi, ni oili juu ya lainingi. Chini ya nyumba ya klachi huwa na tundu. Pitisha hapo kitambaa cheupe, ufute, ukitazame. Kikitoka na vumbi jeusi kavu, hilo ni vumbi la lainingi na si ajabu. Kikitoka kimelowa, kinuse na kukisugua baina ya vidole, kwa maana oili nyeusi nyembamba aghalabu hutoka kwenye sili ya nyuma ya krenkshafti, na oili nzito yenye harufu ya kiberiti hutoka kwenye sili ya mbele ya giaboksi. Pleti iliyokunywa oili haioshwi ikapona, na anayefunga mpya bila kubadili sili amefunga kitu cha siku chache.

Sasa tuje kwenye klachi isiyokata. Simamisha gari mahali tambarare, weka magogo kwenye magurudumu, uvute breki ya mkono, uiache injini ikizunguka polepole na mitungi ya upepo ikiwa imejaa. Kanyaga pedeli mpaka chini, hesabu sekunde 10 ili shafti ipate kusimama, kisha ingiza gia ya nyuma kwa utaratibu. Ikilia, klachi haikati. Jaribu tena, safari hii ukiipampu pedeli mara mbili au tatu kwa haraka: gia ikiingia kwa ulaini, ujue kwamba upepo umeingia katika mafuta, au masta ya klachi inapitisha ndani kwa ndani, na giaboksi haina kosa lolote. Pedeli ikiwa nzito kuliko kawaida, shaka iende kwenye busta. Mwenzako akanyage, nawe usikilize karibu nayo kama upepo unavuja, kisha utazame tundu lake la kupumulia, maana likitoa mafuta ya breki, sili yake ya ndani imekufa. Naomba pia mtu asithubutu kujaza oili ya injini katika kikopo cha mafuta ya klachi yanapopungua njiani, kwani oili hiyo huvimbisha mipira yote tangu masta hata busta, na gharama yake hupita mbali bei ya chupa moja ya mafuta yaliyo sawa.

Juu ya makelele nitasema kwa ufupi. Gari likiwa katika frii, sauti isikikayo pedeli ikiwa juu na kutoweka ikikanyagwa ni ya beringi za giaboksi. Inayozuka mguu unapoanza kugandamiza ni ya rilizi beringi. Na ile inayosikika pedeli ikiwa chini kabisa yaweza kuwa ya beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, kwa kuwa hiyo huzunguka tu wakati mwendo wa injini na wa shafti unapotofautiana.

Ikiwa baada ya hayo yote imelazimu kushusha, basi pleti kuukuu isitupwe kabla ya kusomwa. Flaiwili yenye mabaka ya buluu yashuhudia moto wa kutelezeshwa, na hapo dereva aulizwe kama ana mazoea ya kulizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, au ya kuondoka kwa gia kubwa. Springi zilizovunjika katikati ya pleti huonyesha kwamba pedeli iliachwa ghafla mara nyingi. Breki ndogo ya klachi iliyokatika masikio yasema kwamba pedeli ilikanyagwa mpaka chini hali gari linakwenda. Na pleti iliyopinda kitovu, ambayo haikukata tangu siku ile ile ya kufungwa, mara nyingi ni taksiri ya gereji yenyewe: giaboksi iliachwa ining'inie juu yake wakati wa kuirudisha, uzito wote ukalala juu ya bamba jembamba la chuma, kwa sababu jeki haikuwekwa sawa au mafundi walitaka kumaliza kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo giaboksi na ishikiliwe na jeki yake mpaka boliti zote za mzunguko zimeshika, na kama haitaki kuingia, isivutwe kwa boliti, bali ichomolewe, pleti ipangwe upya katikati, na ijaribiwe tena.